Kulala Marangu, kula Kichaga: agiza chungu kabla ya chumba

Mara ya kwanza kulala Marangu nilifika saa moja usiku, mvua ya rasharasha, na tangu Korogwe nilikuwa nawaza mtori tu, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Nyumba ya wageni ilikuwa safi, mablanketi mazito, mhudumu mwenye adabu zake. Nikamwomba mtori. Akaniangalia kwa huruma: "Mtori si ungesema asubuhi, kaka." Nikala chipsi mayai. Migomba imejaa mpaka dirishani, Kilimanjaro iko nyuma ya nyumba, na mimi nagombana na chipsi mayai zile zile za Kinondoni.

Kosa lilikuwa langu. Chakula kizuri cha huku hakikai kwenye menyu. Kiko kwa mama fulani anayeishi hatua chache kutoka unapolala, na kinataka taarifa mapema: ndizi zikatwe, nyama ya mifupa itafutwe, moto uwashwe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na chungu, chumba kitafuata.

Hatua ya 1: Chagua majira

Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu. Usiku joto huweza kushuka karibu na nyuzi 10, na mlima unaweza kujificha siku nzima. Masika, Machi hadi Mei, barabara za udongo mwekundu zinateleza hata kwa anayetembea kwa miguu. Januari, Februari na Septemba ndiyo miezi ninayompendekezea mgeni wa mara ya kwanza: anga iko wazi zaidi na vyumba vinapatikana.

Desemba ni habari nyingine. Kuanzia tarehe 20 hivi Wachaga wanapanda kwao "kuhesabiwa", kama utani unavyosema. Mabasi yanajaa, vyumba vinapanda bei, na wapishi wote wazuri wanapikia familia zao. Ukiwa na rafiki Mchaga, jialike bila aibu, maana hakuna wakati mtu anakula vizuri kama huo. Kama huna, ngoja Januari.

Hatua ya 2: Jua unachotaka kula

Hapa nitakaa kidogo, maana wageni wengi wanajua mtori na ndizi nyama tu, basi.

Mtori wenyewe kwanza. Ndizi yake ni mshare, ile ndefu nyembamba. Niliwahi kukaa jikoni na mama mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Alipaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, kwa sababu utomvu ukikaukia kwenye vidole sabuni hauisikii. Kila ndizi aliyoimenya aliitumbukiza kwenye beseni la maji isigeuke nyeusi. Nyama ya mifupa ilikuwa kwenye mafiga tangu saa mbili asubuhi, na ilipolainika aliitoa, akaichambua, akabaki na supu. Ndizi zikachemkia humo pamoja na kitunguu. Kisha akaanza kuponda kwa mwiko wa mti, polepole, akiongeza supu kidogo kidogo, mpaka mwiko ukawa unasimama sekunde moja halafu unalala. Hapo ndipo nyama ikarudi chunguni, na siagi kijiko kimoja. Tulikula saa saba mchana. Mahoteli mengine yanasaga kwa blenda, mtori unatoka laini kama uji wa mtoto. Mimi nataka vibonge. Huu ni mlo wa mzazi aliyejifungua, kwa hiyo usishangae mama akikuuliza kwa utani umejifungua lini.

Machalari ndiyo ndizi nyama ya hapa: ndizi hazipondwi, zinaiva nzima ndani ya supu ya nyama na nyanya, mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Omba parachichi pembeni. Kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani, maparachichi yanaanguka yenyewe, na nimeona mgeni akiuziwa kipande kimoja kwa bei ya mjini wakati mti uko nyuma ya jiko.

Kiburu ni ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja kwa magadi kidogo, kisha vikapondwa. Kina rangi ya udongo, hakipendezi kwenye picha, na ndicho ninachokikumbuka nikiwa Dar. Asiyekula nyama asikubali kuambiwa hakuna kitu: aagize kiburu, mboga ya mnafu na kitawa. Kitawa ni ndizi zilizopondwa na kuchanganywa na mtindi. Kina uchachu, na ladha yake huja kukuingia kijiko cha tatu.

Halafu kuna mambo ya mbuzi. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ni ya kikundi na ya siku nzima. Usiiagize mkiwa wawili. Mbuzi akichinjwa utasikia pia kisusio, supu yenye damu, na mlaso, damu iliyochanganywa na maziwa. Kama hivyo si vyako, sema mapema tu, hakuna atakayekasirika. Kwa Waislamu: Marangu ni eneo la Walutheri na Wakatoliki wengi, na kitimoto inauzwa waziwazi. Ulizia nani amechinja na sufuria gani itatumika, tena uliza siku unapoagiza. Ukiuliza sahani ikiwa mezani umechelewa. Mama wengi watakuambia wazi, na wengine watanunua kwa mchinjaji Mwislamu kule Himo ukiwapa siku moja.

Hatua ya 3: Tafuta mpishi kwa simu

Ukimpigia mwenye nyumba ya wageni ukauliza "mnapika mtori?", atajibu ndiyo. Kila mtu anajibu ndiyo. Uliza hivi: "Kwa hapo jirani, nani anapika mtori mzuri kuliko wote?" Swali hili linafungua mdomo. Utatajiwa mama wa kanisani, au shangazi, au yule anayepikia misiba na harusi. Omba namba yake, au mwenye nyumba amwite mwongee.

Mazungumzo yangu ya mwisho yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwako, natafuta mtori wa Jumamosi mchana."

"Marahaba mwanangu. Mko wangapi?"

"Wanne."

"Nyama ya mifupa au steki?"

"Mifupa, mama."

"Haya. Unaijua kumbe."

Taja siku, saa na idadi ya watu. Ulizia bei ya chakula chote badala ya bei ya sahani, kisha tuma hela ya nyama kwa simu siku moja kabla. Hela ya nyama ndiyo ahadi yenyewe. Bila hiyo umepiga soga tu. Agiza milo miwili kwa siku mbili, isizidi. Mtori ni mzito, na ukishakula mchana usiku utataka chai na mkate.

Hatua ya 4: Sasa chumba

Marangu imezoea wageni. Mangi (yaani chifu) Marealle alimpokea Mjerumani Hans Meyer hapa kabla ya Meyer na Ludwig Purtscheller kufika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na tangu hapo wapanda mlima hawajakatika. Kwa hiyo malazi yapo ya kila namna: hoteli kongwe za enzi za mkoloni kama Marangu Hotel, lodge za kuelekea lango la hifadhi, gesti za Marangu Mtoni, na nyumba za watu ndani ya vihamba zenye vyumba viwili vitatu vya wageni.

Mimi nachagua kihamba. Unalala katikati ya migomba na mibuni, jogoo anakuamsha, na jikoni hapako mbali. Gesti za Mtoni ni rahisi na ziko karibu na stendi, lakini utasikia bodaboda na muziki wa baa. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, hoteli zenye bustani zina faida yake, maana njia za vihambani zina miteremko.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya. Maji ya moto yanatokana na nini? Kama ni sola, mwezi wa Julai mawingu yakikaa siku mbili utaoga ndoo, na wewe uulizie kama ndoo hiyo inachemshwa. Blanketi ni ngapi kwa kitanda? Moja halitoshi. Gari linafika mlangoni mvua ikinyesha, au unashuka barabarani na kutembea? Na la mwisho: kutoka hapo hadi kwa yule mama mpishi ni mwendo wa dakika ngapi? Zaidi ya ishirini utarudi kwa bodaboda usiku, ukiwa umeshiba, kwenye mteremko. Sikushauri.

Beba tochi, sweta, viatu vyenye meno, na hela taslimu. Malipo ya simu yanakubalika karibu kila mahali, ila mama wa sokoni hataki kusubiri mtandao.

Hatua ya 5: Njia ya kufika

Wanaotoka Dar wanafanya kosa moja kila siku: wanakata tiketi ya Moshi, wanapitiliza hadi Moshi mjini, halafu wanapanda gari la kurudi walikotoka. Basi la Dar linapita Njia Panda ya Himo kabla ya kufika Moshi. Mwambie kondakta tangu Same kwamba unashuka Himo. Pale Himo kuna Hiace na Noah za Marangu Mtoni, kama kilomita 13 za kupanda. Noah haiondoki mpaka ijae, na "imejaa" ya kule usiilinganishe na ya mjini.

Ukitokea Moshi mjini ni kilomita 40 hivi. Ukishuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), pitia Moshi kwanza. Wakenya wana njia nzuri kupita Voi na Taveta, wanavuka mpaka Holili, na Himo iko karibu sana na mpaka. Aliye Mombasa au Nairobi anaweza kushuka treni ya SGR Voi na kuunganisha gari la Taveta.

Fika kabla ya saa kumi jioni. Jua likizama kule baridi inaingia mara moja.

Hatua ya 6: Siku kamili ya kwanza

Amka saa kumi na mbili. Mlima unajionyesha asubuhi na mapema, na mara nyingine jioni kabla ya giza. Kibo ina theluji na imetanda kama mgongo wa tembo, kilele cha pili, Mawenzi, kiko upande wake, kimechongoka. Saa tatu mawingu yanaweza kuwa yamefunga pazia. Nimewaona wageni wakija saa nne na kamera zao wakiulizana mlima uko wapi.

Baada ya chai, tembea hadi maporomoko ya Kinukamori, si mbali na Mtoni. Kuna kiingilio. Utasimuliwa hadithi ya Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja kujirusha, akabadili mawazo, na alipogeuka akakutana na chui. Sikiliza mpaka mwisho hata kama umeshaisikia, maana kila msimulizi ana chui wake.

Ukirudi, tafuta mahali wanapoonyesha kahawa inavyotengenezwa kwa mkono. Wamisionari wa Kilema, hapo jirani, ndio walioleta kahawa huku mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wakaishika mpaka wakawa na ushirika wao wenyewe, KNCU, mwaka 1933. Leo watakuonyesha kumenya tunda, kuanika, kutwanga kwenye kinu, kupepeta, kisha kukaanga kwenye chungu juu ya kuni. Kinu utapewa wewe utwange, na kuna wimbo. Kahawa inayotoka hapo imeungua kidogo, haijachujwa sana, na inanywewa palepale moshi ukiwa bado machoni. Usiweke sukari kikombe cha kwanza.

Mchana ndipo uende kwa mama yako wa mtori. Fika kwa saa mliyokubaliana. Ukichelewa unaganda, na mtori ulioganda ukiongezwa maji hauwi ule tena.

Mkiwa njiani angalieni mnapokanyaga. Kihamba ni makazi ya mtu: humo kuna migomba, kahawa, ng'ombe wa zizini, na makaburi ya babu zake. Usikate kona katikati ya shamba. Usioshe viatu kwenye mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani, kwa sababu walio chini wanayategemea. Na usichume jani la isale kwa kupamba picha. Isale ni mpaka wa shamba na ni alama ya kuomba msamaha. Ukionekana nalo mkononi utaulizwa umemkosea nani.

Salamu inalipa. Sema "shimboni" kwa unayekutana naye, na ukipewa kitu sema "aika mbe" kwa mwanaume, "aika mae" kwa mwanamke. Shikamoo ya Kiswahili kwa wazee iko palepale.

Hatua ya 7: Mbege, kwa anayekunywa

Mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, inaanza na ndizi mbivu zinazochemshwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa zichache, zinachujwa, kisha zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wake unatokana na gome la msesewa. Inanywewa kwenye kata au kibuyu, na chombo kinazunguka. Mwenyeji ataonja kwanza mbele yako. Usimharakishe, anakuonyesha kwamba kinywaji ni salama.

Uliza imeiva lini. Ya leo ina utamu bado, watu wanadhani ni uji. Ya jana imekomaa na inachachuka, na miguu ndiyo inayogundua kwanza. Nenda ukiwa umekula, alasiri, na mtu wa kukurudisha. Usiwapige picha wazee wanaokunywa bila kuomba. Mzee mmoja alinikubalia, lakini kwanza alitaka avae koti.

Hatua ya 8: Siku ya pili, juu au sokoni

Mwenye miguu apande hadi Mandara. Lango la Marangu liko kwenye mita 1,800 na ushee, kambi ya Mandara iko mita 2,720, na njia ni kama kilomita 8 ndani ya msitu wa mvua wenye mbega. Panga saa tatu za kupanda, na kuteremka ni haraka zaidi. Ukibaki na nguvu, kreta ya Maundi iko karibu na kambi. Fika langoni asubuhi na mapema na kitambulisho chako, maana Mtanzania ana kiwango chake cha ada, na upate mwongozaji aliyesajiliwa. Atakayekuambia kuna njia ya mkato ya kukwepa ada, mshukuru uende zako.

Chakula cha njiani mwombe mama usiku uliopita: ndizi za kuchemsha, yai, parachichi, chupa ya chai ya tangawizi. Usibebe mtori. Najua mtu aliyebeba kwenye kopo la plastiki, na begi lake lilinuka hadi Dar.

Asiyetaka kupanda aulizie siku ya soko. Masoko ya huku yana siku zake, na siku hiyo Mtoni inabadilika kabisa: mikungu imepangwa kando ya barabara, na akina mama wanajua kila ndizi kwa jina na kazi yake. Waambie unataka kupika nini, wao watakuchagulia. Jirani, Mamba, kuna wahunzi wanaofua visu na mikuki kwa mivukuto ya ngozi. Kisu kidogo cha kumenyea ndizi ni zawadi bora kuliko sanamu ya twiga. Ila kiweke kwenye begi la chini ya basi.

Hatua ya 9: Kuondoka na ndizi

Nunua mshare asubuhi ya kuondoka, mbichi kabisa, na uombe zikatwe vichana na kufungwa kwa majani makavu ya mgomba. Zikifungwa kwenye nailoni zinatoa jasho na kuiva njiani. Maparachichi yafungwe peke yake, kwa sababu yakiiva yanaivisha na ndizi. Kahawa ichukue iliyokaangwa siku hiyo, ikiwa nzima, usage nyumbani.

Himo, ongea bei ya mzigo na kondakta kabla hujapakia, mkungu ukiwa bado chini. Ukishaingia buti ni wake. Na kabla basi halijafika Mwanga, mpigie mama umshukuru na umwambie utarudi lini. Mimi nilifanya hivyo safari iliyopita. Akaniuliza, "Na safari ijayo kiburu, au bado unakiogopa?" Nikamwagizia palepale.